Wanajuaje pa kuchoma ndani ya moyo? Majibu kutoka kwa niliyefanyiwa

Mkuu, pole sana na kuuguza mama. Umeuliza madaktari watajuaje pa kuunguza ndani ya moyo wa mama ili kuondoa hitilafu ya mapigo, wakati ultrasaundi ya moyo imetoka safi. Ultrasaundi inaonyesha nyama, vali na nguvu ya kusukuma damu. Njia za umeme hazionekani humo, na moyo wenye umbo zuri kabisa unaweza kuwa na hitilafu ya umeme. Wangu ulikuwa hivyo: mapigo ya ziada kutoka chemba ya chini ya kulia, nikaenda kuchomwa Chennai, India.

Msako unaanzia kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Mistari yake 12 inautazama moyo kutoka pande mbalimbali, na pigo la ziada lina sura inayotaja linakotoka. Langu lilisimama juu kwenye mistari ya II, III na aVF, ile inayoutazama moyo kutoka chini, maana yake umeme ulikuwa unashuka kutoka juu, karibu na mlango wa damu iendayo mapafuni. Daktari alilitaja eneo hilo kabla hajanigusa. Kwa hiyo mama akishikwa na mapigo hayo, wahini hospitali ya karibu apigwe ECG palepale, na karatasi hiyo msiipoteze.

Kwenye chumba cha matibabu walinipiga ganzi kwenye kinena, wakapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni. Ncha ina elektrodi, yaani vipande vya chuma vinavyopokea umeme. Inagusa ukuta wa moyo, inarekodi umeme umefika hapo saa ngapi, inasogezwa, inagusa tena. Mtambo wa sumaku chini ya kitanda unaijua ncha ilipo, na kompyuta inachora moyo kwa rangi. Kwenye skrini yangu nyekundu ilikuwa palipotangulia na zambarau palipochelewa. Ni kama kumtafuta aliyeanza kupiga vigelegele harusini wakati ukumbi mzima umeshapokea: unamtafuta aliyetangulia wote. Tofauti ni milisekunde chache tu, ndiyo maana wanagusa sehemu nyingi.

Wakishapashuku mahali, wanapahakikisha. Wanapitisha umeme mdogo kwenye ncha ileile ili moyo upige kuanzia hapo, kisha wanalinganisha sura ya pigo hilo na lile la ugonjwa, mstari kwa mstari. Yakifanana yote 12, wamefika. Kuchoma kwenyewe kulikuwa kufupi, kutafuta ndiko kulikochukua muda.

Sasa hili naomba ulizingatie kuliko yote: pigo bovu lisipotokea mezani, ramani ya aina hii ni ngumu kuchorwa. Ndiyo sababu niliambiwa kusimamisha vidonge vya kutuliza mapigo siku kadhaa kabla, na sikupewa usingizi mzito, maana usingizi unaweza kuyanyamazisha. Yalipogoma kutokea, walinidungia isoproterenol, dawa ya kuharakisha moyo. Moyo ulikimbia kweli na niliogopa, lakini ndipo mapigo yakajitokeza na wakayafuata. Mwandae mama kwa hilo, ajue ni sehemu ya kazi. Ila dawa asisimamishe mwenyewe. Tarehe ya kuacha aipange daktari wake.

Huko nyuma msako huu ulihitaji kupasua kifua. Mwaka 1968, hospitali ya Duke, Marekani, madaktari walipima umeme juu ya moyo wa mvuvi mmoja mpaka wakapata njia ya ziada ya umeme aliyozaliwa nayo, wakaikata, akapona.

Kabla ya kukubali tarehe, muulize daktari jina kamili la hitilafu ya mama. Ikiwa chemba za juu zinatetemeka ovyo, kwa kawaida hawawindi nukta moja: tangu kundi la daktari Haïssaguerre wa Bordeaux, Ufaransa, lilipoonyesha mwaka 1998 kwamba vichocheo vingi vinatoka kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni, wanaizungushia kovu midomo ya mishipa hiyo. Ikiwa aliwahi kupata shambulio la moyo, watatafuta makovu, sehemu zenye umeme hafifu chini ya milivolti 0.5. Maandalizi na muda wa kila moja ni tofauti. Ukishapata jina liweke hapa, nitakueleza ninachokijua.