Macho makubwa yaliyosifiwa na mtaa mzima

Mwanangu alizaliwa na weupe katikati ya mboni zote mbili. Bibi yake akasema ni utando tu, utatoka wenyewe. Kliniki wakasema ni mtoto wa jicho, na kwa kuwa alikuwa mlegevu kama kitenge kilicholowa, wakampima damu na mkojo pia. Jibu: ugonjwa wa Lowe, unaoshika macho, ubongo na figo. Karibu wote wanaoupata ni wavulana, maana kasoro iko kwenye kromosomu ya X (kibeba urithi ambacho mvulana anacho kimoja tu), na mara nyingi hutoka kwa mama. (Mawifi walipata la kusema.)

Akiwa na wiki tisa alitolewa lenzi, akapewa miwani minene. Nikajua tumemaliza.

Miezi mitano baadaye majirani wakaanza: "Mwanao ana macho makubwa huyo, mashaallah!" Nami nikatabasamu. Kumbe ni presha ya macho. Jicho la mtoto mchanga bado laini. Maji ya ndani yasipopata njia ya kutoka, linatanuka. Nikimtoa nje alifukia uso kifuani kwangu, machozi yakimtoka bila kulia. Nilidhani mafua. Na nilikuwa nimeruka kliniki mbili kwa ajili ya nauli.

Kwa watoto wa Lowe presha hiyo huwapata karibu nusu yao, mara nyingi kabla ya mwaka mmoja. Kwa hiyo, mama mwenzangu, kila mkienda omba apimwe presha, hata kama jicho linapendeza. Ukiona anakimbia mwanga, jicho moja limelizidi jingine, au kioo cha mbele cha jicho kimekuwa na ukungu, usingoje tarehe ya kadi.

Akirudi kwa upasuaji mwingine, beba majibu ya figo mkononi. Figo za watoto hawa hupoteza chumvi za mwili, nusu kaputi ikawa hatari zaidi. Mwambie mtu wa usingizi kwa mdomo wako; usidhani faili limeshasema. Sisi tuliahirishwa siku mbili kwa sababu potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ilikuwa chini. Nilifoka sana siku ile. Leo nisingefoka.

Matone ya presha ya macho nayo yana namna yake. Ukishadondosha, bonyeza taratibu pembe ya jicho karibu na pua, kama dakika moja, dawa isishukie mwilini. Yenye timololi, dawa ya kushusha presha hiyo, huweza kupunguza kasi ya moyo na pumzi za mtoto mchanga. Akilegea kuliko kawaida yake, au pumzi ikikatika, kimbia hospitali na kichupa chenyewe.