Jina la Mfupa Halikaririwi Peke Yake: Maswali na Majibu ya Kilatini cha Tiba

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini mwisho wa neno unabadilikabadilika. Nimechagua zile zinazofaa wengi. Walioniuliza kama Kilatini bado kina kazi siku hizi, jibu ni fupi: orodha ya kimataifa ya majina ya viungo vya mwili ilitolewa mwaka 1998, ikarekebishwa mwaka 2019, na mara zote mbili majina rasmi yamebaki ya Kilatini. Sasa tuendelee.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kitabu kimoja kimeandika trochanter major, ukurasa wa pili kikaandika tuberculum majus. Je, si maana ni ile ile? Wapi wamekosea? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Moshi)

Marahaba. Hawajakosea popote: major na majus ni neno moja, "kubwa zaidi". Trochanter ni jina la kiume, tuberculum ni la jinsia ya kati, na kivumishi hufuata jina lake. Wewe unasema "mti mkubwa" na "kisu kikubwa" tangu hujaanza shule, na hujawahi kumuuliza mtu kwa nini "-kubwa" imebadilika. Ni jambo lile lile. Sisi tunapatanisha mwanzoni mwa neno, Warumi walipatanisha mwishoni. Hata mpangilio ni wetu: jina kwanza, sifa baadaye. Foramen magnum, tundu kubwa. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza hana upatanisho wa namna hii kichwani mwake, wewe unao. Inanisikitisha kuona mtoto wa Kiswahili anakariri kama kasuku jambo ambalo ulimi wake unalijua.

Shika mafungu matatu ya vivumishi. La kwanza ni magnus kwa jina la kiume, magna kwa la kike, magnum kwa la kati. La pili lina maumbo mawili tu: brevis kwa kiume na kike, breve kwa kati. Ndiyo maana tunasema canalis inguinalis lakini ligamentum inguinale, sutura coronalis lakini os frontale. La tatu ni la kulinganisha, na hapo ndipo alama zinapopotea: major, minor, superior, anterior kwa kiume na kike, majus, minus, superius, anterius kwa kati. Curvatura major, omentum majus. Musculus pectoralis major, ligamentum cruciatum anterius. Mwisho wa -us katika majus unawadanganya wengi wakadhani ni wa kiume, wakaandika "pectoralis majus". Hapana. Katika fungu hili -us ni alama ya jinsia ya kati.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kupatana ni kufanana kwa sauti. Tunasema "daktari mzuri", na daktari hana m- yoyote mwanzoni. Vivyo hivyo manus dextra, mkono wa kulia: manus ni jina la kike ingawa linaishia na -us. Jinsia haionekani usoni mwa neno kila mara, kwa hiyo inaandikwa. Kila kadi yako ya kujisomea iwe na vitu vitatu: jina, jenitivu yake (umbo la kumiliki), jinsia yake. Foramen, foraminis, kati. Pars, partis, kike. Kadi yenye jina peke yake itupe uiandike upya.

Swali: Musculus levator labii superioris alaeque nasi. Tusaidie, tumeshindwa hata kulitamka. (Kundi la kujisomea, Eldoret)

Jina hili watu hulicheka, nami nalipenda kwa sababu lina sarufi nzima ndani yake. Anza na jina lililo katika hali ya kawaida: levator, kiinuaji. Kisha tafuta jenitivu, yaani umbo linalobeba "cha", "wa" na "la" zetu. Labii imetoka kwa labium, mdomo. Alae imetoka kwa ala, bawa. Nasi imetoka kwa nasus, pua. Ile -que iliyogandishwa nyuma ya alae ni "na". Msuli unaoinua mdomo wa juu na bawa la pua. Umekwisha.

Angalia sasa superioris, maana hapa ndipo pa kujifunza. Kwa Kiswahili, "kichwa cha mtoto kikubwa" na "kichwa cha mtoto mkubwa" ni vitu viwili mbalimbali. Kiambishi ndicho kinachosema mkubwa ni nani. Superioris iko katika jenitivu kama labii, basi kilicho juu ni mdomo, wala si msuli. Linganisha na musculus obliquus capitis inferior. Capitis ni jenitivu, inferior si jenitivu. Kilicho chini ni msuli, ule wa chini katika misuli miwili ya jina hilo. Ungeandika inferioris, ungemtungia mgonjwa kichwa cha chini.

Kuna mtego mmoja. Vivumishi vya fungu la -is vina umbo lile lile katika hali ya kawaida na katika jenitivu ya umoja. Katika abductor pollicis brevis, kifupi ni kidole gumba au msuli? Umbo halikuambii. Tafuta ndugu yake: yupo abductor pollicis longus, na longus haiwezi kuwa jenitivu, ingekuwa longi. Kwa hiyo urefu na ufupi ni wa misuli. Tumia njia hiyo kila unapokwama. Na ukikuta digitorum, ni vidole vingi. Digiti ni kimoja. Flexor digitorum profundus hukunja vidole, extensor digiti minimi hunyosha kidole kidogo cha mwisho peke yake. Tofauti ya herufi chache, lakini anayeshona kano iliyokatika inampasa aijue.

Swali: Wingi wa fetus ni feti? (Dodoma)

Sio. Ni fetus vile vile, kwa kuwa fetus ni la kundi la nne kati ya makundi matano ya majina ya Kilatini, yanayotofautishwa kwa mwisho wa jenitivu.

Na kwa kuwa swali hili linarudi kila mara, nalijibu kwa upana leo ili lipumzike. Majina yanayoishia na -us yametoka makundi matatu. La pili hugeuka -i: nervus, nervi, ramus, rami, sulcus, sulci. La nne halibadiliki kwa maandishi: processus, ductus, plexus, sinus, meatus, arcus, tractus, hiatus, umoja na wingi ni hivyo hivyo. La tatu hubadilika shina: corpus, wingi wake corpora, crus, crura, viscus, viscera. Anayeandika "plexi" na "sini" amekisia. Jenitivu ingemwokoa: nervi, plexus, corporis, kila moja inalitaja kundi lake.

Tazameni na mwisho wa -a. Costa ni ubavu mmoja. Foramina, ganglia, septa na bacteria ni wingi. Bakteria mmoja kwa Kilatini ni bacterium.

Swali: Mfamasia ameandika per os na kitabu changu kinasema os ni mfupa. Dawa inapita kwenye mfupa? (Muuguzi mwanafunzi, Tanga)

Inapita mdomoni. Yako maneno mawili yanayofanana sura: os, ossis ni mfupa, na wingi wake ni ossa, os, oris ni mdomo. Ukiyajua kwa jenitivu hayakuchanganyi kamwe: corpus ossis ischii ni habari ya mfupa, orbicularis oris ni habari ya mdomo. Nakusifu kwa kuuliza kabla ya kutoa, maana njia ya kupitishia dawa ndani ya uboho wa mfupa ipo kweli, na hutumiwa katika dharura mshipa unapokosekana. Ukiandika wewe, andika "kwa mdomo".

Swali: OD ni mara moja kwa siku au ni jicho la kulia? (Muuguzi, Mombasa)

Ni yote mawili, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Omni die ni kila siku. Oculus dexter ni jicho la kulia, na oculus sinister, OS, ni la kushoto. Kwenye cheti cha matone ya macho, OD peke yake haitoshi kumpa mgonjwa dawa. Rudi kwa aliyeandika, umwulize. Usione haya.

Vifupisho vingine mnavijua: BD ni bis die, mara mbili kwa siku, TDS ni ter die sumendum, ya kumezwa mara tatu kwa siku, TID ni ter in die, na kipimo ni kile kile. AC ni ante cibum, kabla ya chakula, na PC ni post cibum, baada yake. PRN, pro re nata, ni "kadiri hali inavyojitokeza", nayo haifai kuandikwa bila kikomo. Parasetamoli ya PRN kwa mtu mzima iandikwe pamoja na maneno "isizidi gramu 4 kwa saa 24", la sivyo mwenye maumivu atameza kila yanapomrudia.

Mwaka 2004 shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali, Joint Commission, liliviweka QD (kila siku) na QOD (kila baada ya siku moja) katika orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. Sababu ni ya mwandiko: nukta ikikaa vibaya baada ya Q, QD husomeka QID, na dozi ya mara moja inakuwa ya mara nne. U ya kipimo cha insulini imo pia katika orodha hiyo, kwa kuwa husomeka sifuri: vipimo 10 vikawa 100.

Kilatini ni cha kuelewana sisi kwa sisi. Bahasha ya dawa ni ya mgonjwa. Nimechoka kuona "1x3" imeandikwa bila neno la ziada, na mama anakwenda nyumbani akimeza vitatu kwa mpigo. Andika: kidonge 1, kutwa mara 3. Dawa ikiwa ya kila baada ya saa 8, usiseme kutwa mara 3, maana mgonjwa atazimaliza zote kabla ya magharibi. Mwandikie saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Swali: Appendix ina x. Appendicitis imeitoa wapi hiyo c? (Morogoro)

Katika jenitivu: appendix, appendicis. Maneno ya tiba huundwa kwa shina, na shina hulipati kwenye jina la kawaida, hulipata kwa kuondoa mwisho wa jenitivu. Larynx, laryngis, ndipo laringitisi. Cortex, corticis. Iris, iridis. Thorax, thoracis. Anayejua jina tu atalazimika kukariri kila neno mara mbili.

Umegusia jingine bila kujua. Sehemu za mwili kwa kawaida huitwa kwa Kilatini, magonjwa na upasuaji kwa mizizi ya Kigiriki. Figo ni ren, na mshipa wake ni arteria renalis, lakini ugonjwa wake ni nephritis na kuitoa ni nephrectomia. Uterus, lakini hysterectomia. Mamma, lakini mastitis. Kanuni hii ina mianya, na appendicitis ni mmoja wao: shina la Kilatini, mkia wa Kigiriki. Tonsillitis pia. Usiifanye sheria ya chuma.

Swali: Mwalimu, nitumie pdf yenye maneno yote ya Kilatini na maana zake, mtihani ni wiki ijayo.

Situmi. Maneno ni maelfu, wiki ina siku saba. Chukua makundi matano na mwisho wa jenitivu zake, -ae, -i, -is, -us, -ei, majina kumi kwa kila kundi, halafu vivumishi ishirini. La tano lina majina machache, ukikosa kumi bakia na facies, caries na scabies. Kazi ya siku nne kwa saa mbili kila siku, na utasoma majina usiyowahi kuyaona.

Swali: mm. ni milimita? (Kisumu)

Kwenye mchoro wa mwili ni musculi. Herufi ikirudiwa ni wingi: m. msuli, mm. misuli, a. na aa. kwa ateri, v. na vv. kwa vena; n. na nn. kwa neva.

Swali: Vertebra hutamkwa vipi? Wahadhiri wetu hawakubaliani. (Bukoba)

Irabu ni zile zile tano zetu, kwa hiyo umeshavuka nusu ya njia. Ugomvi wa c na ae waachie wahadhiri, umfuate anayekusahihishia mtihani. Mkazo ndio unaotukwaza sisi, kwa kuwa Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kujali. Kilatini huuweka hapo ikiwa silabi hiyo ni ndefu. Ikiwa fupi, mkazo hurudi nyuma hatua moja. foRAmen, lakini foRAmina. VERtebra, si verTEbra. MUSculus, si musCUlus.

Swali: Ileum na ilium si neno moja lenye tahajia mbili? (Tabora)

La hasha. Ileum, ilei ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na arteriae ileales ni zake. Ilium, ilii ni mfupa wa nyonga, na crista iliaca ni yake. Kwenye fomu ya upasuaji herufi hiyo moja inamhamisha mgonjwa kutoka kwa mpasuaji wa tumbo hadi kwa mpasuaji wa mifupa. Tazama majina ya Kiswahili yakusaidie: "mwembamba" ina e, "nyonga" haina.