Re: Feni ya mashine ya gemu

Mkuu, umeuliza kama feni ya kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya ile inayokwaruza kwenye mashine yako ya gemu: itafaa, ila soma lebo ya hiyo ya zamani. Ikiwa DC 12V (umeme kama wa betri, volti 12), sawa: kwa feni ya nyaya tatu, kwa kawaida waya mwekundu ni chanya, mweusi hasi, wa njano ni wa kupimia kasi ya feni, uzibe tepu uuache. Ikiwa AC (umeme kama wa ukutani), usithubutu, utaiunguza hiyo feni ya kompyuta.

Hizo nyaya usiziunge juu juu. Chumvi ya hapa Tanga haina huruma: waya wa mashine yangu niliukata nikakuta shaba ya kijani mpaka ndani ya ganda. Nilikata hadi inayong'aa, ndipo nikalehemu.

Chomoa plagi kwanza. Kama kioo ni cha chogo, waya mnene wa nyuma usiuguse, unabaki na umeme hata ukizima. Mshale wa upepo kwenye feni uelekee nje, joto litoke.