Jibu: Mpeleke shangazi Eastleigh, mmalizie Majengo

Dada, umeuliza pa kumpeleka shangazi yako wa Mombasa kwa siku moja, penye historia na watu wa kila aina, lakini si makumbusho. Mpeleke Eastleigh, hapa Nairobi. Pandeni matatu ya namba 6 au 9, asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, maana adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala.

Mtaa huu ulianza 1921, na kwa miongo mingi Wahindi walikuwa wengi. Inua macho juu ya mabango utaziona nyumba chache za mawe zilizobaki kati ya maghorofa. Kisha mwonyeshe Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya wageni. Wasomali waliokimbia vita baada ya 1991 wakaanza kuuzia nguo vyumbani, kitanda kikiwa ndiyo meza ya duka. Kutoka vyumba vile ndipo yalipochipuka haya maduka makubwa yote. Mimi nikifika pale husimama kidogo.

Mle anjera, ile chapati laini ya Kisomali, na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa, na chai ya maziwa ya ngamia. Waoromo na Waethiopia nao wana mikahawa yao, kahawa yao usiikose.

Alasiri shukeni Barabara ya General Waruinge hadi Majengo, Pumwani, mtaa ambao wakoloni waliwatengea Waafrika miaka ya 1920. Mkiufikia Msikiti wa Riyadha, shangazi atasikia Kiswahili kinachomkumbusha kwao. Mwache apige soga na kina mama wa pale, usimharakishe.