Kusali kimya huku mkono unawasha kushika simu

Dada, umesema tangu uhamie Minneapolis ukikaa kimya kusali, dakika mbili haziishi simu iko mkononi, na mwenzako kazini anakushauri ulipie programu ya kutuliza akili. Pole, hali hiyo naijua.

Programu si dhambi. Ila angalia inauza nini: usingizi, mawazo kupungua, kesho uchape kazi zaidi. Waliozama katika sala hawakutafuta utulivu, walimtafuta Mungu, na mara nyingi walikuta ukavu mtupu. Yohane wa Msalaba, mtawa Mhispania wa karne ya 16, aliuita usiku wa giza. Kwa hiyo usipohisi chochote, hujafeli.

Mimi ningekupeleka kwa Bruda Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris, aliyefariki 1691. Mpishi wa monasteri, mguu mbovu, na kazi ya jikoni kwa asili hakuipenda hata kidogo! Hakungoja kengele ya kanisani; hata kimanda alikigeuza kwenye kikaango kwa upendo wa Mungu. Na alikiri miaka 10 ya mwanzo ilimtesa.

Basi simu ilale chumba kingine. Kaa dakika 10 na neno moja, hata "Yesu" linatosha. Mawazo yakija usipigane nayo, rudi kwenye neno. Kisha ondoka nalo, ukiosha vyombo, ukingoja basi kwenye baridi hiyo. Wiki ya kwanza usijipime. Mimi yangu nilisinzia karibu kila siku.