Nina tatuu, nimetoga pua: naweza kuchangia damu?

Wiki hii karibu maswali yote yamehusu ngozi. Nayajibu kama ninavyowajibu wanaofika mezani kwetu kuchangia damu.

Nilichora tatuu mwaka juzi. Nikija mtanirudisha?

Hapana, karibu sana. Tunachouliza ni tarehe. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ipite tangu siku ya kuchorwa. Uingereza wanasubiri miezi 4. Wewe umeshavuka. Kama u mzima na uzito unafika kilo 50, njoo.

Si damu inapimwa? Kwa nini basi nisubiri?

Inapimwa, kila mfuko: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Lakini virusi vikiingia leo, kipimo hakivioni leo, mpaka muda upite. Katika kipindi hicho majibu hutoka safi, na mfuko ukaenda wodini kwa mama aliyetokwa damu nyingi akijifungua, au kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza, kwa hiyo sindano iliyofutwa kwa kitambaa haijasafishika. Angalia na wino: fundi akibadilisha sindano kisha akachovya kikopo kilekile cha mteja aliyetangulia, hajakukinga.

Nimetoga pua saluni juma lililopita.

Miezi 6 vilevile. Ungetogwa na mtaalamu wa afya aliyesajiliwa, na uvimbe ukaisha kabisa, saa 12 zingetosha.

Hina na piko za harusi je?

Hazitoboi ngozi, njoo hata kesho. Ila piko ikikuunguza ukatoka malengelenge, subiri yapone.

Nilichanjwa chale kwa mganga. Lazima niseme?

Sema, tafadhali. Nakumbuka kijana aliyekuwa akivuta chini mkono wa shati kila nilipomkaribia. Chale zilikuwa bado na magamba, dawa nyeusi imekolea ndani. Alidhani nitamsema. Nilimuuliza mambo mawili tu: lini, na wembe ulikuwa mpya au umeshapita kwa wengine? Kisha nikamwandikia tarehe ya kurudi. Aliyeumikwa, au aliyefanyiwa hijama ya kuchanjwa, naye namuuliza hayohayo.