Utando Haupenyezi, Hupenyeka

Mwalimu mmoja wa Baiolojia wa Kigoma ameniuliza: anapowaeleza wanafunzi jinsi vitu vinavyovuka tando bandia zilizoundwa kwa fosfolipidi za maabara (molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa), aseme "upenyezaji wa utando" au "upenyekaji wa utando"?

Mwalimu, sema "upenyekaji". Umegusa kosa linaloniudhi kwa miaka mingi, yaani mazoea ya kukipachika kila kitenzi kiambishi cha kusababisha hata pale ambapo hakuna anayesababisha chochote. Kutokana na "penya" tunapata "penyeza", kufanya kitu kipenye, na "penyeka", kuweza kupenywa. Unyambuaji ni huo tu. "Penyeza" lina mtu ndani yake, tena mwenye nia: wahenga waliposema penye udhia penyeza rupia, waliuona mkono unaotoa.

Barabara ya udongo ikijaa tope wakati wa masika, dereva wa lori husema haipitiki. Kiangazi kikifika husema inapitika. Hasemi kwamba barabara imeacha kupitisha au imeanza kupitisha, kwa kuwa anajua kwamba hali ni ya barabara na mwendo ni wa lori lake. Dereva huyo hakufundishwa sarufi ya kauli ya kutendeka, lakini anaitumia kwa usahihi kuliko vitabu vyetu vya sayansi.

Sasa utazame utando wako. Ni safu mbili za molekuli, unene wake nanomita 4 au 5 hivi, vichwa vikielekea maji na mikia ikijificha katikati. Katika fosfolipidi moja inayotumiwa sana maabara, mikia hiyo ni ya asidi ya palmitiki, asidi ileile iliyojaa katika mawese ya Kigoma. Hamna protini, hamna pampu. Oksijeni hupenya kwa wepesi, maji kwa kiasi, glukosi kwa shida, na ioni za sodiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, karibu hazipenyi kabisa. Utando huo ukipashwa joto hadi karibu nyuzi 41 za Selsiasi, mikia iliyokakamaa huanza kulegea na ioni huvuja zaidi. Mkono unaopenyeza uko wapi?

Kwa utando wa seli hai, wenye protini zinazosukuma ioni, nitavumilia "upenyezaji", japo kwa shingo upande. Na hata ukiutia utando bandia gramisidini, dawa ya kuua bakteria ambayo hufungua njia ya ioni, inayopenyeza itakuwa gramisidini. Utando wenyewe utakuwa umeongezeka upenyekaji tu.